Chaki za Tabaka

Suji, Upare
17 Januari 1971

Dada Bosibori,

Nimefika salama. Kutoka kwenu Magwagwa hadi hapa nyumbani ni siku tatu, na siku zote tatu nilizipakata ndizi za Mama yako Persis kama mtoto niliyepewa kulea. Tulipofika Namanga zikaamua kuiva zote kwa pamoja. Nikawagawia abiria, na mzee mmoja akasema Wakisii wana mkono mkunjufu. Nikajibu ndiyo, kana kwamba mimi ni mmoja wenu.

Baba aliniuliza nimerudi na nini baada ya miaka miwili ya kujitolea nchi ya watu. Nikamtolea kile kipande cha jiwe jeupe la Tabaka tulichokuwa tukiandikia ubaoni. Akakigeuzageuza, akasema, "Kumbe Kenya wanalipa mawe." Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa karibu kulia.

Nawaona kila nikifumba macho, watoto arobaini na watatu chini ya paa la ghala la kanisa, mvua ya mawe ikipiga mabati hata hatusikiani. Mimi nasema Kiswahili, wewe unakigeuza Kigusii, na siku zote Kigusii chako kilikuwa kirefu kuliko nilichosema mimi. Mpaka leo sijui ulikuwa unaongeza nini. Bochaberi je, bado analamba chaki? Na yule Joash Ratemo, bado anazileta kwa baiskeli kila Jumapili kutoka machimboni kwao? Mtu hapandi milima yote ile kwa ajili ya watoto wa wenzake, dada. Nilijua tangu wiki ya pili.

Jana nimemkumbuka Mama jikoni, siku ile niliposema binti yako wa kwanza aitwe Nakijwa, kama mimi. Unakumbuka alivyouacha mwiko ndani ya obokima, ule ugali wenu wa wimbi? "Usijitabirie, mwanangu. Sisi jina la mtu tunampa mtoto mwenye jina akishazikwa. Wewe unakwenda kwenu, huendi kaburini." Kisha akaniongezea chinsaga, mboga ambayo alijua siimalizi, iwe adhabu.

Niliwaahidi watoto kwamba nitarudi. Wakumbushe, na wewe ujikumbushe.

Dada yako,
Nakijwa Mbaga


Magwagwa
2 Mei 1971

Dada Nakijwa,

Barua yako imesomwa mara tatu hapa nyumbani na mara moja kanisani, bila ile sehemu ya Ratemo.

Unataka kujua nilikuwa naongeza nini. Nilikuwa nawaambia, "Mwalimu anasema asiyenyamaza atapelekwa Upare." Waliogopa Upare kuliko fisi. Sasa umekwenda huko mwenyewe, wote wanataka kupelekwa, na sina tena cha kuwatishia.

Bochaberi ameacha kulamba chaki. Sasa ndiye anayewapiga vidole wanaolamba. Darasa linaendelea Jumapili na Jumatano. Mimi nafundisha kusoma, na wakubwa tunawafundisha kushona na kupanda miche. Mama anasema sauti yangu ni kali, yako ilikuwa na sukari. Namwambia Nakijwa alikuwa mgeni, mgeni lazima awe na sukari.

Ghala bila wewe ni kubwa. Nimelisema hilo mara moja, sitalirudia.

Kuhusu Ratemo, wazee wameanza kutembeleana. Usicheke.

Orpah Bosibori


Tabaka
12 Agosti 1973

Dada Nakijwa,

Angalia anwani. Sasa mimi ni mke wa Ratemo, na nina mtoto wa kiume aliyechukua jina la babu ya baba yake. Nimetoka nyumba ya Wasabato wanaolima chai wasiyoinywa, nimeolewa kwa Wakatoliki wanaoinywa asubuhi, mchana na jioni. Nilivumilia miezi mitatu. Usimwambie Mama.

Mama mkwe wangu anaitwa Drusilla. Haongei sana, ila akiongea limekwisha. Wiki ya kwanza alinikuta nimewakusanya watoto wa wachongaji kwenye kibanda cha mawe, nawaandikia herufi. Akauliza nani kanituma. Nikasema ni mwalimu mmoja kutoka Tanzania aliyekuja kujitolea kwetu, kisha akarudi kwao bila kuniambia niache. Drusilla akatazama, akaenda zake. Kesho yake akaniletea benchi.

Kwa hiyo darasa lako limezaa. Magwagwa ameshika Bochaberi, hapa nimeshika mimi. Chaki hapa hazina mwisho, tumekaa juu yake. Ubao ni mbao tatu zilizopakwa mkaa wa betri.

Ulisema utarudi. Miaka inahesabika, dada. Unakuja lini?

Bosibori wa Ratemo


Hospitalini, Moshi
20 Januari 1977

Dada yangu,

Usishtuke kwa anwani. Tumbo nililokuandikia habari zake mwaka juzi limepata jina kwa daktari, jina refu ambalo sikumwomba anitafsirie. Keshokutwa napasuliwa. Mama wa kitanda cha pili alipasuliwa Jumatatu, na leo kitanda chake kina mtu mwingine. Sikuuliza.

Ningekuja Desemba hii iliyopita, kweli kabisa. Nilishamnunulia Mama kitenge. Leo mchana nililala nikajiona niko ghalani, natafuta chaki na watoto wote wamenyamaza, wananisubiri. Nilipoamka nilitaka sana kurudi usingizini niwaambie kitu.

Nikiamka baada ya kisu nitakuandikia siku hiyohiyo. Usipopata barua, wewe ni mtu mzima, utajua.

Msalimie Mama. Mwambie chinsaga ningeimaliza sasa.

Nakijwa


Tabaka
9 Mei 1977

Nakijwa,

Hii ni barua ya pili. Ya kwanza imerudishwa na posta. Redio inasema mpaka umefungwa tangu Februari, mabasi hayapiti, na hapa kila mtu anasema lake. Mimi mambo ya serikali siyajui. Najua tu kwamba ulisema siku hiyohiyo, na sasa miezi inakaribia minne.

Niandikie hata neno moja. Hata mtu mwingine aniandikie.

Bosibori


Suji
6 Agosti 1978

Dada Bosibori,

Natumaini karatasi hii itakufikia. Mchungaji wetu anakwenda mkutanoni Lusaka, ameniahidi ataitia posta huko. Barua za majirani sasa lazima zizunguke Afrika nzima.

Nimepona. Sikuandika siku hiyohiyo, mkono ulikataa. Niliandika siku ya nne, kisha mwezi wa pili, kisha Pasaka, kisha nikaacha kuhesabu. Zote zimerudi, ziko chini ya mto wangu zimefungwa na uzi. Nakuomba msamaha kwa yale maneno ya mwisho niliyokuandikia. Mtu akiogopa huropoka.

Walitoa walichotoa, nikabaki mwembamba, sasa natembea hadi kanisani na kurudi. Nimeanzisha darasa la watoto hapa kijijini. Nina ubao na chokaa ya dukani, inapasuka ovyo. Hakuna kama ile yenu.

Vipi Mama? Vipi wanao? Niambie kila kitu, hata uongo ulioongeza kwa watoto. Jibu kupitia anwani ya Lusaka hapo nyuma.

Dada yako, mzima,
Nakijwa


Tabaka
22 Oktoba 1978

Nakijwa, dada yangu, Nakijwa,

Bahasha ilipofika nilikuwa nasugua bakuli la jiwe kwa msasa. Nilipoona mwandiko nilikaa chini kwenye vumbi la mawe. Ratemo alikuja mbio akidhani ni msiba. Mama mkwe hakutaka kuigusa hiyo bahasha. Uzee tu, usijali.

U mzima. Nimelisema neno hilo mchana kutwa kama mtu anayejifunza lugha.

Mama ni mzima, miguu inamuuma. Bochaberi amemaliza chuo cha ualimu. Wavulana wangu ni wawili sasa. Na nina binti, alizaliwa Novemba mwaka jana. Tumempa jina lako. Ni kwa ajili ya urafiki tu, kukumbuka zile siku za ghala. Siku hizi watu wanatoa majina wapendavyo, zile mila za zamani hazifuatwi sana. Ana nywele nyingi.

Mvua ni nzuri. Mahindi ni mazuri. Chaki zipo. Sina la zaidi.

Bosibori


Suji
14 Januari 1979

Bosibori,

Mimi nimekaa kwenu miaka miwili. Nimekula kwa Mama yako na nimekaripiwa na Mama yako. Mvua ni nzuri, mahindi ni mazuri, tangu lini wewe ukaniandikia habari za mahindi?

Lini nilikufa?

Sikasiriki. Nataka tu kujua tarehe, na nani alilia, na mlipika nini. Mtu ana haki ya kujua mambo yake.

Nakijwa


Tabaka
4 Machi 1979

Dada Nakijwa,

Ulikufa tarehe 14 Agosti 1977, siku ya Jumapili, na ni mimi niliyesema.

Mama Persis alikataa. Nataka ulijue hilo kwanza. Alikuja kutoka Magwagwa na Bochaberi na wengine kumi na moja wa darasa lile la kwanza, watu wazima sasa, wengine na watoto mgongoni. Wote waliketi, yeye akasimama. Alisema hajaona kaburi na hajaona mtu aliyeliona. Nikamsomea barua yako ya Moshi kwa sauti, pale uliposema utajua. Akasema, "Mgonjwa akisema, nani humsikiliza?" Mimi sikumsikiliza yeye. Bochaberi alisoma Zaburi. Walilia wote, hata wale waliokuwa wadogo mno kukukumbuka. Tulipika ndizi na maharagwe, na chinsaga, na iliisha.

Ratemo alichonga jiwe. Ameandika: MWL. NAKIJWA MBAGA, ALIFUNDISHA WATOTO WETU. Lipo kwenye ukuta wa kibanda cha darasa mpaka leo. Watoto wanaliegemea.

Unataka kujua kwa nini sikusubiri. Nimejiuliza wiki nzima kabla ya kushika kalamu. Kila siku posta walitikisa kichwa. Nikaanza kufikiri labda amepona, ametusahau, ana maisha yake. Ilikuwa rahisi kwangu uwe umekufa kuliko uwe umenisahau. Mtu aliyekufa naweza kumpenda bila kumdai kitu. Hiyo ndiyo dhambi yangu, nimeiandika kwa mkono wangu.

Novemba akazaliwa huyu mtoto. Alilia siku tatu, ziwa hataki. Mama mkwe ni Mkatoliki wa kila misa, lakini alikaa naye pembeni akimtajia marehemu wote wa ukoo, mmoja mmoja, kama mtu anayejaribu funguo. Majina yalipomwishia, akaniuliza kwa upole kama mimi sina mtu wangu. Nikakutaja wewe. Mtoto akanyonya.

Sasa neno gumu. Tangu Krismasi mtoto ana homa, inatoka inarudi, anakunja shingo na kulia. Barua yako hii ya Januari ilipokuja mama mkwe alingoja wiki mbili, kisha akasema. Anasema tumemvika mtoto nguo ambayo mwenyewe bado ameivaa. Mmoja wenu atavuliwa. Anataka jina libadilishwe, yeye apone na wewe uishi. Hasemi kwa ubaya. Analia akisema.

Mimi nimesoma, najua unavyofikiri. Lakini ni mtoto wangu, na mtu wa pili ni wewe, na nimeshawahi kukuzika mara moja. Nipe ruhusa, tumwite Nyanchera. Ukikataa sitajua la kufanya.

Bosibori


Suji
20 Mei 1979

Dada yangu,

Kwanza mtoto. Homa inayorudi na shingo iliyokunjwa, mtazame sikio. Nimewaona wengi. Mpeleke zahanati leo, wala usingoje kumaliza kusoma karatasi hii. Mimi nipo, nasubiri.

Pili. Nilikudanganya na mimi. Niliandika kwamba walitoa walichotoa, nikapita haraka. Walitoa kizazi, Bosibori. Kulikuwa na mchumba, sikukuandikia habari zake kwa sababu nilitaka kuja naye uone kwa macho yako. Aliposikia alikuja kunisalimu mara mbili, ya tatu hakuja. Simlaumu sana. Hapa kwetu, mwanamke asiyezaa jina lake huzikwa naye. Nilishazoea wazo hilo, au nilijidai nimezoea. Halafu barua yako ikasema kuna Nakijwa Tabaka mwenye nywele nyingi. Nilijua jina hilo limetokana na matanga, na bado nilifurahi hata nikaona aibu. Nilitoka nje nikazunguka nyumba.

Umesema mtu aliyekufa unaweza kumpenda bila kumdai. Basi sasa nidai. Nilisema nitarudi na sijarudi. Mpaka ukifunguliwa leo, kesho niko njiani.

Tatu, ruhusa. Unayo. Jina likiwa linamuumiza mtoto, livue, usiniulize tena, wala usiniandikie siku ulipolivua. Lakini kabla hujafanya hivyo, msomee mama mkwe wako karatasi ndogo iliyo ndani ya hii. Isome kwa sauti, mtoto akiwepo. Na mara hii, dada, usiongeze kitu.

Lile jiwe nalo, mtu mzima hawezi kuwa na jiwe. Mwambie Ratemo alikate chaki.

Nakijwa


Kwa Nakijwa binti Ratemo, Tabaka

Mwanangu,

Mimi ni Nakijwa wa Suji. Wanasema umechukua jina langu kwa sababu nilikufa. Sikufa. Nilichelewa.

Bibi yako ana haki ya kuogopa. Mtu akikuta nguo yake imevaliwa na mwingine, atauliza. Mimi nimeuliza, nimejibiwa, nimeridhika. Jina hili hukulirithi kaburini. Nakupa leo, nikiwa hai, kwa mkono huu unaoandika, mbele ya bibi yako Drusilla ambaye ni shahidi. Nililipata kwa bibi yangu, alikuwa mkaidi, aliishi miaka mingi. Linatosha watu wawili.

Mimi sina mwingine wa kumpa. Nikiita kutoka huku, wewe itika.

Nakijwa Mbaga


Tabaka
19 Agosti 1979

Dada Nakijwa,

Lilikuwa sikio. Usaha ulitoka siku ya pili ya dawa, na siku ya nne mtoto alikuwa anawafukuza kuku. Lakini barua zako zilifika wiki ileile, kwa hiyo mama mkwe hatajua kamwe ni dawa au ni wewe, na mimi sitamfafanulia.

Nilimsomea ile ndogo Jumapili baada ya misa. Ratemo alikuwepo, Mama Persis alikuwepo, alikuja kwa ajili hiyo na miguu yake ile. Sikuongeza kitu, ingawa pale penye bibi mkaidi nilishawishika. Drusilla akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akajifunika mdomo kwa kanga. Kisha akasema, "Sijawahi kuona jina linatolewa na mwenyewe." Mama Persis akamjibu, "Huyu naye hajawahi kufanya kitu kwa wakati wake." Wakacheka wote wawili, wazee hao ambao kwa miaka sita walikuwa wanasalimiana tu.

Halafu Drusilla akageuka mlangoni akaita, "Nakijwa." Tangu barua yako ya kwanza alikuwa anamwita Mtoto tu. Yule mdogo alikuwa nje anachezea vumbi la mawe. Akaitika. Mama mkwe akainama akalia, na mimi, na sioni haya kukuandikia.

Kuhusu jiwe, Ratemo alisita. Alisema hajawahi kuharibu kazi yake nzuri. Nikamwambia mwenyewe ameagiza. Akaanza kulikata kutoka mwisho wa maandishi kurudi mwanzo. Neno WATOTO liliisha wiki ya kwanza, wale wa darasa la asubuhi wanaandika kwa kugandamiza. Nakijwa mdogo alipewa pembe moja, akachora ukuta wote wa bibi yake, na Drusilla hakuruhusu ufutwe. Wiki hii tunaandikia MBAGA. Mama amebeba vipande sita kwenda Magwagwa, kwa Bochaberi, ghalani kule kwetu.

Kimebaki kipande kimoja, chenye herufi ya kwanza ya jina lako. Nimekifunga kwenye kitambaa, nimekiweka juu ya kabati, na nimewaambia watoto ole wake atakayekigusa, atapelekwa Upare. Wewe umesema nikudai, basi nakudai hicho. Njoo ukimalize mwenyewe ubaoni.

Dada yako,
Orpah Bosibori